Haki ya Paka na Mbwa Juu ya Shingo Zetu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akakidhamini riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa awe rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tumeulizwa suala ambalo kwa udhahiri wake ni dogo. Muulizaji alitaka kujua: je, anapata thawabu mtu atakayetia sumu katika nyama akawatupia mbwa koko wanaozunguka karibu na msikiti, kwa kuwa mbwa ni najisi? Wengi katika waliohudhuria waliinamisha vichwa kwa kukubali kabla jawabu halijatolewa. Kule kukubali kwao ndiko kulikotuonyesha kuwa jambo hili halitoshi kujibiwa kwa mdomo, na kwamba yatupasa tuliandike.

Jawabu letu ni kwamba hana thawabu yoyote, na khofu yetu ni kuwa ana dhambi.

Asili ya kosa hili ni kuchanganya mambo mawili yasiyochanganyika. Unajisi ni hukumu ya tohara: unatwambia tuoshe nini, na vipi, kabla ya kusimama mbele ya Mola wetu. Hautwambii nani apigwe mawe. Damu yetu wenyewe ikitoka ni najisi, na matumbo yetu yamebeba najisi usiku na mchana, wala hatujasikia mtu aliyeuawa kwa ajili hiyo. Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafi, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Imam Malik yeye amesema kuwa mbwa akiwa hai ni tohara. Hatusemi haya ili kuwavunja watu katika madhehebu yao, bali kuonyesha kuwa maimamu hawa wamekhitalifiana katika kuosha, wala hakuna hata mmoja wao aliyejuzisha kumtesa mbwa kwa sababu ya unajisi wake.

Tazameni Qur'ani inavyomtaja mnyama huyu. Katika Sura ya Al-Maida tumehalalishiwa kula windo alilolikamata mbwa aliyefundishwa, na elimu ile ya kumfundisha imenasibishwa na elimu aliyotupa Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliokimbia na dini yao wakalala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyosha miguu yake ya mbele mlangoni. Watu walipobishana idadi ya wale vijana, mbwa wao naye alitiwa katika kila hesabu. Na katika Sura ya Al-An'am tumefahamishwa kuwa kila mnyama atembeaye juu ya ardhi na kila ndege ni umma kama sisi tulivyo umma. Basi atakayetupa sumu ajue kwamba mkono wake ameupeleka katika umma wa Mwenyezi Mungu.

Yumkini msomaji mwenye kujua hadithi atatupinga kwa kusema: Je, si Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliyeamrisha mbwa wa Madina wauawe? Ndiyo, khabari hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Lakini humo humo imo na khabari ya kuwa baadaye aliwakataza kuwaua, isipokuwa yule mweusi mtupu mwenye madoa mawili, na akawaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda kondoo. Imam Nawawi katika sharhe yake amenakili kutoka kwa Imam-ul-Haramayn, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, kwamba amri ile ya kwanza ilifutwa, kisha na hukumu ya yule mweusi nayo ikafutwa, sharia ikatulia juu ya kukatazwa kumuua mbwa yeyote asiyedhuru. Aliyebaki ni mbwa mkali mwenye kushambulia na kujeruhi watu. Huyo huuawa kwa sababu ya madhara yake, na hata yeye huuawa kwa njia nzuri na ya upesi. Sumu si njia nzuri wala ya upesi. Mwenye kuijua ajua jinsi mnyama anavyotapatapa saa nzima au zaidi mbele ya watoto, na jinsi nyama ile ile inavyomuua paka wa jirani, na kunguru, na pengine kuku wa maskini.

Zipo hadithi mbili ambazo kila mmoja wetu amezisikia tangu chuoni, na kwa kuzisikia sana tumeacha kuzifikiri. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanamke yule hakumpiga paka wake, wala hakumtia moto, wala hakumpa sumu. Alimfungia tu. Hakumlisha wala hakumnywesha, na hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Dhambi yake ilikuwa ni kusahau kwa makusudi. Nasi tukipita katika vichochoro vyetu twamwona mbwa aliyefungwa mnyororo wa dhiraa mbili juani, bakuli lake limekauka tangu jana, na mwenyewe yuko barazani anazungumzia habari za siasa. Tofauti yake na mwanamke yule ni ipi?

Ya pili ni ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno ili mikono yake ipate kupandia, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na katika riwaya nyingine aliyefanya hivyo alikuwa ni mwanamke mzinifu katika Wana wa Israili, naye akasamehewa. Masahaba walistaajabu wakauliza kama wana ujira katika wanyama, nao wakajibiwa kuwa katika kila chenye ini lenye unyevu, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Angalieni kwamba mbwa yule hakuwa wake, hakuwa wa kuwinda wala wa kulinda, na baada ya kunywa haikutajwa kuwa alimfaa kitu. Alikuwa mbwa koko kama hawa hawa wa karibu na msikiti. Sisi twaikariri hadithi ya kuosha mara saba kila siku, na hii ya kiatu twaiweka kwa ajili ya watoto. Zote mbili zimetoka kinywa kimoja.

Tena haya si mambo ya fadhila tu, kwamba akipenda mtu atafanya na asipopenda ataacha. Ni fiqihi. Katika Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa Lamu na Mombasa wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, mwisho wa mlango wa nafaka, baada ya nafaka ya mke na ya jamaa na ya mtumwa, umewekwa wajibu wa kumlisha na kumnywesha mnyama. Mwenye mnyama akikataa, hakimu humlazimisha ama amlishe, ama amuuze, ama amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Paka na mbwa hawaliwi, basi la kuchinja halipo, na mbwa kwetu hauzwi, basi hubakia kumlisha au kumpa mtu atakayemtunza. Na katika mlango wa tayamamu mafakihi wetu wamesema kuwa mtu mwenye maji kidogo, akiwa naye yuko mnyama mwenye kuheshimiwa aliyeshikwa na kiu, maji yale humpa mnyama, na yeye akatayamamu. Fahamuni uzito wa maneno haya: udhu wenyewe, ulio ufunguo wa sala, umerudi nyuma ili mnyama anywe. Naye Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, katika kitabu chake cha kawaida za sharia amezihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, na miongoni mwazo ni kuwa mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena, asipewe kazi asiyoiweza, wala asiwekwe pamoja na kitakachomdhuru. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Leo kuna sheria ya Kenya inayokataza ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo ni ya miaka ya sitini. Mwislamu hakuhitaji kuingoja.

Sasa tumzungumze paka, ambaye twadhani hana mashitaka nasi.

Paka ni tohara. Abu Qatada (r.a.) alipokuwa akitawadha alikuja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Mkwewe Kabsha akamtazama kwa mshangao, ndipo akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na Abu Hurayra, aliyetupokelea hadithi nyingi kuliko sahaba yeyote, jina lake hilo limetokana na kipaka chake. Kwa hiyo watu wetu hawampigi paka mawe, na mgeni akifika Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa huwaona paka kila baraza, akadhani tumewatunza. Ukweli ni kwamba tumewaacha. Mvuvi akiparua samaki humtupia utumbo, jambo jema, na mama wa nyumba humwaga makombo ya wali uani. Lakini paka akipata upele hatumpeleki popote. Akivunjwa mguu na pikipiki twasema atapona mwenyewe. Akizaa, vitoto hutiwa katika gunia vikatupwa jaani au ufukweni, na mwenye kufanya hivyo husema hakuwaua, amewaacha tu. Turudieni hadithi ya yule mwanamke.

Wako wanaosema paka asilishwe ili apate kukamata panya. Hili halina msingi. Paka huwinda kwa tabia aliyoumbiwa, hata akiwa ameshiba. Njaa humdhoofisha tu, ikampeleka jikoni kwa jirani, na huko akapigwa. Wengine humpa maziwa wakidhani wamemkirimu, na paka wengi waliokwisha kukua maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Riziki yake ni nyama au samaki, na maji safi, maana katika joto la pwani yetu maji ndiyo anayoyakosa zaidi. Na tahadharini na dawa za binadamu. Tumesikia watu wanampa paka mgonjwa kidonge cha paracetamol wanachokunywa wao kwa homa. Kwa paka hiyo ni sumu, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Ama khofu ya paka mweusi, kwamba ni jini au ametumwa na mchawi, hata akamwagiwa maji ya moto usiku, huu ni ujinga unaowaaibisha wenye kusoma Sura ya An-Nas. Majini wapo, twaamini. Lakini kumwunguza kiumbe kwa dhana hakukuamrishwa na yeyote isipokuwa waganga wanaokula kwa khofu za watu.

Lililo gumu ni suala la kuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike ili wasizidi. Hapa hatutaki kuficha khitilafu. Imam Nawawi amesema kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na maneno yake yana uzito kwetu. Mahanafi wamejuzisha ikiwa mna manufaa. Na maulamaa wa zama zetu, miongoni mwao Sheikh Ibn Uthaymin, wamejuzisha kuwafanyia paka walipokuwa wengi wakaudhi, kwa sharti kuwa upasuaji hauwadhuru, wakasema ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Maimamu wa kale waliikataza kazi iliyofanywa kwa kisu kitupu, bila ganzi, kwa mateso. Leo daktari wa mifugo humlaza mnyama usingizi, naye huamka hana habari. Sisi twaona kuwa mwenye kuchagua baina ya hilo na gunia la jaani, basi hilo la daktari liko karibu zaidi na rehema. Asiyeridhika na rai hii naamfungie jike lake ndani katika siku zake, amlishe na amnyweshe humo, na vitakavyozaliwa avitunze.

Turejee kwa mbwa, kwani yeye ndiye aliyetuletea suala.

Imesihi kuwa mwenye kufuga mbwa bila ya haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Maulamaa wengi wameikisia juu yake haja ya kulinda nyumba. Basi hatumhimizi mtu afuge mbwa kwa fahari. Lakini aliyemfuga kwa haja yake, haja ile haimpunguzii mbwa haki yake hata moja. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi, na akifungwa juani bila kivuli wala maji hufa kwa joto. Ahitaji kivuli, maji mchana kutwa, chakula kisicho mifupa ya kuku iliyopikwa kwa maana hupasuka vipande vikali vikamtoboa utumbo, na kuondolewa kupe. Na ahitaji chanjo. Hapa maslaha ya mbwa na maslaha ya watoto wetu yamekuwa kitu kimoja.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ulioandikwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1912. Matabibu wa Kiislamu waliujua zamani sana, na Ibn Sina ameueleza katika Qanuni yake. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, vikaingia kwa jeraha, vikapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kabla ya kudhihiri, na ukishadhihiri, mgonjwa akaanza kuogopa maji, takriban hapana anayepona. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, nao karibu wote, 99 katika 100, wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Tuseme wazi: mtoto anayefundishwa kumtupia mbwa mawe ndiye anayeumwa.

Na sumu haiuondoi ugonjwa huu. Limejaribiwa katika nchi nyingi likashindwa, kwani mbwa wakiuawa mahali, wengine wasiochanjwa huja wakajaza nafasi yao, na pengine waliokufa ndio waliokuwa wamechanjwa. Kinachouondoa ni kuwachanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Kenya imeweka tangu 2014 mpango wa kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030. Kwa hiyo yule aliyetaka thawabu kwa kutupa nyama yenye sumu, akipeleka mbwa mmoja kuchanjwa atakuwa ameufanyia mtaa wake ulinzi ambao sumu yake isingeufanya.

Mtu akiumwa, au akiparuliwa, na mbwa au paka, jambo la kwanza ni kuliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, papo hapo, kisha aende hospitali siku ile ile akaanze chanjo, na azimalize sindano zote hata akijiona mzima. Chanjo hii ilianza kwa mtoto wa miaka 9 mwaka 1885 mikononi mwa Louis Pasteur, na imeokoa roho zisizohesabika. Twayasema haya kwa sababu bado wako wazazi wanaompeleka mtoto kwanza kwa mwenye kuandika kombe, wakangoja siku saba. Dua ni silaha ya Muumini, nasi twaomba. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na akatuamrisha kujitibu. Mwenye kuandika kombe, ikiwa amcha Mungu, na awe wa kwanza kumwambia mzazi: inuka uende hospitali.

Baada ya darasa ile ndugu mmoja alitujia akasema: Nina mbwa wa shamba, na chanjo hutolewa bure sehemu nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, lakini naona tabu kumshika kwa ajili ya najisi. Tulimjibu kuwa amfunge kamba shingoni, aishike ncha yake, ndivyo madaktari wanavyotaka. Manyoya makavu yakigusa nguo kavu au mkono mkavu, hapana najisi inayohama. Akimlamba, au akimgusa naye ameloa, basi akioshe kilichopatwa mara saba, moja wapo kwa udongo uliochanganywa na maji, kisha aende akasali sala yake. Na cheti cha chanjo akiweke mahali pazuri, maana mwakani atakihitaji.

Wallahu aalam.